Kuni za Pilau ya Ghala

Nilimwaga maji mekoni. Ndoo nzima, juu ya moto uliokuwa chini ya sufuria la pilau. Jivu likaruka, wanawake wakapiga ukelele, na mkaza mjomba, ambaye shughuli ilikuwa ya mumewe, akajishika kiuno.

"We mwana, umepagawa? Watu wa dua wako njiani!"

"Waambie wale mbichi."

Sikuwa nimepagawa. Nilikuwa nimetumwa nisogeze kuni. Nikashika gogo lenye mfuo mwembamba ulioliwa na kamba, na mfuo ule niliujua kwa kidole kabla ya jicho. Kamba ile niliifunga mimi, bembea ya binti yangu. Nilikuwa napika kwa mikorosho yangu mwenyewe, ili watu washibe na kuliombea baraka ghala lililosababisha ikatwe.

Huku kwetu Mwabungo shamba lina mwenyewe na mti una mwenyewe. Unaweza kuwa na minazi kwenye shamba la mtu, ukaangua wewe, ukamrithisha mwanao, na mwenye shamba akapita chini yake asiokote hata kidaka. Mama yangu alipanda mikorosho minne kwenye shamba la kaka yake, kwa ruhusa ya kaka yake. Alipokuwa kitandani kwa ugonjwa uliomchukua, alimwita huyo kaka yake akamwambia, "Mikorosho ni ya mwanangu." Mjomba akajibu, "Nimesikia, dada." Mimi nilikuwa nimemshika mama mgongo asilale chali. Nilisikia pia.

Nilipoachika nikarudi na mtoto mgongoni, mikorosho hiyo ndiyo iliyotulisha. Nachoma korosho juu ya bati kuukuu, nabangua, vidole vinababuka kwa mafuta ya ganda, halafu nakwenda kuuza kwenye mageti ya hoteli za Diani. Sikumwomba mtu unga. Kwa mwanamke aliyeachika hilo si jambo dogo, maana anayekupa unga leo, kesho anakuchagulia mume.

Shamba lilikuwa limekuwa msitu. Mjomba akaja siku moja akasema anataka kupasafisha aweke stoo. Nilifurahi! Mkorosho ukisongwa na kichaka unazaa kwa shida, na korosho ikianguka kwenye miba huioni. Nikachukua panga nikaingia mwenyewe. Nilifyeka asubuhi baada ya asubuhi, mikono ikatoka malengelenge, na mjomba kila akipita alinisifu: "Mashallah, mwanamke wa kazi huyu." Hakunizuia, wala hakuniambia kitu. Nililifyekea tingatinga njia hadi kwenye mashina.

Kisha mtoto akashikwa na kifua, nikalazwa naye hospitali ya Msambweni. Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba naona barabara nikiwa mlangoni kwangu. Kabla ya hapo haikuwa ikionekana. Visiki vinne vilikuwa vikitoa utomvu, na matawi yamelala na maua yake, nyuki bado wanayahangaikia.

Hapo palikuwa na kontrakta, mtu wa bara, anapima kwa kamba.

"Madam, mimi nilionyeshwa bikoni za mpaka nikaambiwa safisha. Hizo miti hazikuwa na jina."

"Na wewe jina lako limeandikwa wapi, kwenye paji la uso?"

Vibarua walicheka. Mimi nilikwenda kwa mjomba. Kwa hasira zote zile bado nilimwamkia, ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mikorosho yangu iko wapi?"

"Tulia kwanza. Shamba ni la nani?"

"Lako."

"Basi."

"Na minazi yako kule kwa jirani? Lile nalo shamba ni la nani?"

Akajipangusa uso. Jirani yule alitaka kuikata ajenge, mjomba akampeleka kwa wazee wa mtaa, na wazee wakasema mti ni wa aliyeupanda. Mtaa mzima unaijua kesi hiyo.

"Hayo ya zamani, mwanangu. Siku hizi kuna hati."

"Ya zamani, na Ijumaa ulikwenda kuangua?"

"Chunga mdomo. Hata hiyo nyumba unayolala iko kwenye shamba langu."

Basi nikarudi kwangu. Ningekwenda wapi? Nilikaa mlangoni nikaangalia ghala likisimama. Kuta zake ni mabati mawili mawili, katikati yamejazwa povu gumu jeupe kama godoro, ili baridi isitoke. Ni la kuwekea samaki na nyama za majumba ya kifahari. Mafundi walipokata zile kuta, chembe za povu zilipeperuka kama theluji ya kwenye televisheni. Kuku walizidonoa. Binti yangu nilimtoa moja mdomoni. Mchana jua linalipiga bati na mwanga wote unaingia kwangu, kivuli hakuna tena, na mashine yao inanguruma ukutani ikitema joto. Baridi yao iko ndani. Sisi tumebakiwa na harara.

Kila niliyemwambia alinijibu subira. Nilisubiri mpaka siku ya pilau.

Baada ya siku hiyo ndugu waliacha kuniamkia. Mzee wa mtaa, mmoja wa wale walioamua kesi ya minazi, alinisikiliza huku akichokonoa meno. "Ya ukoo yamalizwe na ukoo," akasema. Alikuwa amekula ile pilau, ilikokewa moto upya ikaiva. Nikaenda ofisi ya chifu. Karani akaniuliza kama nina hati ya shamba. Nikamwambia sidai shamba. Akasema basi hajui aiweke kwenye faili gani, lakini niandike tu. Niliandika palepale kwenye benchi, mtoto akinivuta buibui:

"Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, nina mtoto mmoja. Nalalamika kwamba mjomba wangu amekata mikorosho yangu minne, niliyoachiwa na marehemu mama yangu mbele yake, ili ajenge ghala la mabati. Ilikuwa na maua. Sikuambiwa. Nilikuwa hospitalini na mtoto. Sidai shamba, na ghala najua halitavunjwa. Miti haiwezi kurudi. Sina shahidi mwingine, aliyesikia maneno ya mama ni mimi na yeye tu. Kwa hiyo naomba aitwe hapa ofisini, asimame mbele yangu, aulizwe swali moja na jibu lake liandikwe: mikorosho ile ilikuwa ya nani?"