Pikipiki Niliyoipanda Fortaleza

Naikumbuka asubuhi moja huko Fortaleza, mwanangu Salim. Na kwa kuwa juma lijalo unakwenda Brazili kufanya kazi, heri uisikie kwangu mimi shangazi yako kabla hujaisikia kwa babako, maana yeye huitia chumvi.

Nilikuwa kijana bado, mpishi wa hoteli hapa Malindi. Tajiri wangu, Mwitaliano, alifungua hoteli nyingine Fortaleza akanichukua. Nikapanga chumba kwa Dona Lusia, mjane mtu mzima mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Kireno sikukijua, ila Kitaliano cha jikoni nilikuwa nacho, basi tukaelewana hivyo hivyo, maneno machache na mikono mingi.

Siku ya kwanza alinikanya: simu nisiitoe barabarani, pasipoti niiache nyumbani, na pikipiki yenye watu wawili ikipunguza mwendo karibu yangu, niingie duka lolote lililo wazi. Nami nikaitikia kila neno, "Ndiyo, ndiyo," kwa kuona haya ya kuuliza. Hayo ya pikipiki nilidhani ananieleza usafiri.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa kazini. Mkoba begani, pasipoti ndani, simu mkononi. Pikipiki ikaja taratibu na vijana wawili, ikasimama mbele yangu, pale pale nje ya nyumba. Wa nyuma akaninyooshea mkono, akasema neno kwa haraka. Nikaona, bodaboda wa huku wana adabu kweli, wanakupa mkono upande! Nikamshika mkono, nikamsabahi, nikakunja buibui nikajibana nyuma yake, tukawa watatu kama tunavyopanda hapa kwetu tukienda kijijini Ganda.

"Hoteli ya ufuoni," nikawaambia kwa Kitaliano. "Na pole pole, mimi sipendi mbio."

Vijana wakatazamana. Dereva akageuka akaniuliza jambo, nami nikamwonyesha njia kwa kuinyoosha simu ile ile.

Ndipo Dona Lusia akapiga kelele dirishani: "Ladrão!" Neno hilo linakaribiana na la Kitaliano la mwizi, na hilo nililijua sana, kwa kuwa tajiri wangu alimwita hivyo kila muuza samaki. Nikaruka chini. Yule wa nyuma akapandisha fulana, nikaona mpini wa kisu. Simu akaichukua bila taabu. Mkoba nikaung'ang'ania.

"Mpe!" Dona Lusia akaashiria kwa mikono yote miwili. "Mpe wende zao!"

Nikauachia. Wakaondoka, na mimi nimekaa chini kando ya barabara.

Dona Lusia akashuka na ndara zake, akanikumbatia kwanza, kisha akanigombeza. "Mimi nimekwambia uzikimbie, wewe unazipanda? Kwa nini ulisema umeelewa?"

Pasipoti ilikwenda na mkoba. Ubalozi wetu uko Brasilia, safari ndefu kutoka pale, na pasipoti mpya ilichukua muda hata harusi ya babako ikanipita. Picha zote zile, mimi simo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, simu nilishaisahau.

Basi sikiliza, mwanangu. Brazili ina watu wakarimu, usiende na hofu. Lakini ukifika, tafuta mtu mzima wa mtaa huo, umuulize njia ipi inapitika na saa ngapi. Usipoelewa, sema hujaelewa, uulize tena hata akuchoke. Anza kujifunza Kireno sasa, hata kwenye ndege. Pasipoti ifungie, tembea na nakala. Unapokaa usimwambie kila anayekuchekea. Na wakikushika, toa wanachotaka, usishindane nao. Kitu hununuliwa kingine. Wewe tutakununua wapi?

Mwenyezi Mungu akukinge na kila shari, akukutanishe na majirani wenye huruma na sauti kubwa, akurudishe kwetu mzima na kheri yako. Na ukifika tupigie simu, lakini uwe ndani, na mlango umeufunga. Amin.