Mchezo Wangu Uliomdanganya Fundi

Nimeyaandika haya mara mbili nikayapasua. Mara ya kwanza nilimfanya mwenzangu shetani, mara ya pili nikajifanya mimi malaika. Hasira haijaisha, lakini nitajaribu kusema yaliyokuwa.

Mchezo wenyewe ni mdogo. Simu inaficha visoda vinne, yaani vifuniko vya chupa za soda, vya rangi mbalimbali, nawe unakisia rangi na mpangilio. Kila ukikisia inakujibu: vingapi viko nyumbani, yaani mahali pake hasa, na vingapi viko mtaani, yaani rangi ipo ila umeiweka pasipo pake. Una nafasi nane. Tulicheza hivyo hapa mtaa wetu wa Jericho tukiwa watoto, kwa visoda vya kweli chini ya mkebe, na sheria kubwa ilikuwa moja: anayeficha hadanganyi. Kuna mwenzetu alidanganya, akakaa nje ya mchezo mwezi mzima, na mkebe ulikuwa wa mama yake.

Mimi niliachia shule kidato cha pili. Kuandika programu nilijifunza kwa video, kwenye kompyuta kuukuu ya rafiki tuliyekua naye mlango kwa mlango, yeye akafika chuo. Lazima niseme: kompyuta ni yake, michoro ni yake, akaunti iliyouweka mchezo mtandaoni ni yake. Hesabu ya nyumbani na mtaani ndiyo yangu.

Mchezaji wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja fundi wa nguo pale sokoni. Alicheza kila alipongoja pasi ishike moto. Siku moja nikipita akaniita mbele ya wateja.

"Kijana, mchezo wako ni muongo."

"Mama, hauwezi kudanganya. Ni hesabu."

"Uliniambia viwili viko nyumbani. Nimeshindwa, umenifunulia, kumbe ni kimoja."

"Labda ulihesabu vibaya."

Mteja mmoja akadakia, "Fundi, wewe pima viuno, hesabu waachie vijana!"

"Miaka yote hii napima," fundi akasema, "nani nimemkatia suruali ya mguu mmoja?"

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Hilo naliandika wazi.

Nilipofika nyumbani shaka ikanishika. Mimi wa kidato cha pili ni nani hata niwe na uhakika? Siku tatu nilipekua hesabu yangu, visoda vya kweli mezani, nikiamini kosa ni langu. Sikuliona. Siku ya nne nikafungua toleo lililo kwenye simu za watu. Chini ya hesabu yangu palikuwa na mistari sita nisiyoiandika: mchezaji akifika nafasi ya sita, ongeza kimoja nyumbani. Halafu kinatokea kitufe, tazama tangazo upate dokezo.

Nikamfuata rafiki yangu kibandani anakotengeneza simu.

"Nani aliongeza hii?"

"Ah, hiyo? Buda, watu wakikwama ndio wanatazama tangazo."

"Hawakukwama. Umewakwamisha!"

"Ni kimoja tu nimeongeza. Manze, unapiga kelele ni kama nimeiba figo ya mtu."

"Nimemcheka mama wa watu mbele ya wateja wake!"

"Si mimi nilikutuma ucheke."

Hapo alisema kweli, na ndipo iliponichoma zaidi. Ni kweli pia kwamba bando zote za intaneti alinunua yeye. Lakini nilimtazama usoni nikamwona yule mtoto aliyekaa nje mwezi mzima akililia mkebe wa mama yake. Alijua sheria kuliko sisi sote. Nilimwambia auondoe mchezo. Akasema akaunti ni yake, akarudi kwa simu aliyokuwa anafungua.

Nikaenda moja kwa moja sokoni. Wateja walikuwepo, hata yule wa viuno.

"Mama, mchezo wetu ulikudanganya. Ulihesabu sawasawa, nami nilikucheka bure. Ufute kwenye simu yako."

Nilisema "wetu". Sikutaka kumtupia mwingine kicheko changu.

Fundi hakuinua uso. Alikanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno.

"Sema tena. Huyu wa viuno hajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti iliyofika kwa wauza nyanya. Akanisukumia simu.

"Haya, futa wewe. Mimi nitakosea, si sijui hesabu?"

Nikafuta.