Ayeeyo Hakutaka Kuhesabu

Wakati wa vita serikali ilitukusanya sisi Wasomali katika kijiji kimoja karibu na Garissa, tukazungushiwa ua wa miiba, na kila asubuhi askari walituhesabu. Wazee wasiojiweza waliwekwa kwenye banda moja refu. Humo mimi ndiye niliyemwogesha ayeeyo, nyanya yangu, nikamfulia, nikamlainishia nyama. Binamu yangu alikuja kupiga soga tu, na sifa zote zikawa zake. "Huyu ndiye mtoto," ayeeyo alisema mbele za watu. Wivu ulinichoma, sitajifanya mtakatifu.

Siku moja akaja dresa, msaidizi wa daktari, kutoka bara kuwapima wazee akili. Aliyeshindwa maswali aliandikiwa karatasi ya kwenda hospitali ya wendawazimu, Nairobi, kwa lori la jeshi. Wawili walikuwa wameshakwenda na hatukuwaona tena. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa sababu nilisoma hadi darasa la tatu.

"Uliza yeye ana watoto ngapi."

Ayeeyo akatazama paa. "Mungu anajua."

"Wajukuu? Ngamia?"

"Mungu anajua."

Dresa akaandika. Kwetu mtu hatangazi idadi ya watoto wala mifugo yake, ni kuliita jicho baya. Neno langu moja tu lingetosha kumweleza. Lakini alipouliza nani anamtunza, ayeeyo akamtaja binamu yangu. Nikafunga mdomo. Basi na aje amtetee huyo huyo, nikasema moyoni, ambaye hata salamu ya Kiswahili haijui.

Dresa akanipa karatasi nimshikishe. Ayeeyo akaelewa kuwa ni wivu ulionifunga mdomo. Akanivuta sikio, kama zamani.

"Mjinga wewe," akaninong'oneza kwa Kisomali. "Ngamia bora husifiwa mbele ya wageni? Yule namsifu kwa kuwa jicho likimpata nitalala usingizi. Wewe nakuficha."

Nikalia palepale. Nikamgeukia dresa: "Sisi hapana hesabu watoto. Jicho mbaya itashika wao. Hii mama akili yake iko sawa." Akajikuna kichwa, akaichukua karatasi na kuichana.

Jioni binamu akaja. Ayeeyo akampa nusu ya chai yake mbele yangu, wakacheka.

Hadi leo sijui kama aliniambia kweli. Alihitaji mdomo wangu ufunguke, na alijua pa kubonyeza. Mwenye wazimu hajui kudanganya vizuri hivyo.