Gitega au Masomo ya Jioni

Mwaka niliomaliza sekondari, vyuo viwili vilinikubali, vyote kwa shahada ya biashara, na nyumba yetu ikagawanyika kama wakati wa mechi. Cha kwanza kilikuwa hapa hapa Bujumbura, masomo ya jioni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka duka la baba la vitenge pale mtaa wa Asiatique. Cha pili kilikuwa Gitega, bara, kwenye baridi, na huko ningelala bwenini. Bibi yangu peke yake hakuwa na upande. Aliposikia nitasoma gestion, yaani uongozi wa biashara, yeye alisikia digestion, akauliza kwa huruma kabisa, "Kama mutoto anaumwa tumbo, mbona munamupeleka chuo?"

Mama alitaka Gitega. "Duka itakumeza," aliniambia. "Leo unauza mchana unasoma jioni, kesho unauza mchana na jioni." Baba hakutaka Gitega, lakini asingelisema hilo hata ungemkata kidole. "We chagua. Mi nitaomba dua kwa yote mbili," alisema, kisha akaanza kampeni yake. Feni ya duka, iliyokuwa ikimpepea yeye tangu nipate akili, ikageuzwa upande wangu. Sambusa zikaanza kufika saa nne bila mtu kuagiza. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani muuza viatu kwamba mwanamke aliyesoma gestion akisimama kaunta, wateja watatoka hata Carama, kule mwisho wa mji. Nilicheka, nikala sambusa.

Nilijua kilichomtia hofu. Akina mama wa ofisini, wale wa mtaa wa kitajiri wa Kigobe, walipenda kununua kwa Kifaransa, na Kifaransa cha baba kilianza na "madame" na kuishia hapo hapo. Mimi ndiye niliyewasemesha. Lakini haikuwa hilo tu. Tulikuwa tumezoeana. Kila likizo tangu shule ya msingi nilishinda pale, na tulikuwa na lugha yetu: akikohoa, nisishushe bei, akishika sikio, mteja ni wetu, nimwachie kwa bei anayotaka. Nilimpenda sana mtu yule, na nilipenda kuwa ndiye anayemwelewa kwa kikohozi tu. Ndiyo maana nilitaka kuondoka. Niliogopa kwamba nje ya kaunta ile sikuwa mtu yeyote.

Nilimwambia jioni moja tukikunja vitenge, kila mmoja ameshika ncha zake. Ukikunja kitenge na mwenzako lazima mkaribiane, kwa hiyo nilipofika karibu na uso wake nikasema, "Baba, Gitega." Akapokea ncha zangu, akamaliza mkunjo, akakiweka kwenye rafu. "Gitega iko baridi," akasema. "Ubebe sweta mbili." Tukakunja vilivyobaki. Moyo uliniuma kwa sababu hakukohoa hata kidogo.

Gitega nilipapenda upesi kuliko nilivyotarajia, na sweta zote mbili nilizivaa kwa pamoja. Likizo ya kwanza nilishuka kwenye basi nikaenda dukani moja kwa moja, begi mgongoni. Binamu yangu alikuwa kaunta, akimsemesha mteja kwa Kifaransa kizuri kuliko changu. Baba aliponiona uso ulimchangamka. Akapangusa kiti cha wateja kwa kiganja, akasema, "Karibu, mwanangu, kaa, umechoka na njia." Akatoka mwenyewe kuninunulia Fanta baridi, ile anayowapa wateja wakubwa. Hakuwa ananilipizia, alikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikakaa upande ule wa kaunta ambao sikuwahi kuukalia, nikanywa polepole, naye akaniuliza habari za walimu wangu kwa adabu, kama mtu anayeogopa kunichosha. Soda ilipoisha nilibaki nimeshika chupa, nikigeuka huku na huku. Sikujua tena chupa tupu zinawekwa wapi.