Ufa kwenye krashi ya Ottilia

Soko la Mbinga halijachangamka bado, na Ottilia Kinunda ameshika chaki. Anachora mstari uliopinda kuuzunguka ufa kwenye ukingo wa toazi lake. Ufa wenyewe si mrefu, unalingana na kidole cha mtoto, lakini unaelekea katikati. Mbele yake, fundi bati Nazari amesimama na keekee ya mkono akisubiri ruhusa.

"Toboa hapa, ufa unapoishia," anamwambia. "Polepole, fundi. Likipata moto umenipa sufuria."

"Dada Ottilia, mimi nimetoboa mabati ya kanisa zima."

"Bati la kanisa haliimbi."

Nazari anacheka, lakini mwendo anaupunguza.

Ottilia ni mpiga dramu wa Milima Stereo, bendi ya mjini hapa. Kesho jioni wanapiga harusini Mbamba Bay, na kesho hiyohiyo ndipo itakapojulikana kama ataendelea kukaa kwenye kiti chake. Kiongozi wa bendi, Mansuetus Ndunguru, ameshanunua toazi jipya Songea, zito, linalong'aa. Toazi la zamani likishindwa, jipya litapanda, na kijana mmoja mpiga dramu wa Songea atakuja kukikalia kiti hicho.

"Namheshimu dada yangu, lakini hii ni biashara," anasema Mansuetus. "Siku hizi soko huria, kila kona ina bendi. Tukionekana na kitu kilichomegwa kama chapati, watu watasema Milima tumefilisika."

Ottilia hana wasiwasi. Kama anao, ameuficha vizuri sana.

Ana miaka thelathini na minne, na alizaliwa Kitura, kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Alipokuwa msichana, Sista Walburga alimpa matoazi mawili ya mkono kwenye bendi ya parokia, kwa sababu tarumbeta zote zilikuwa zimeshachukuliwa na wavulana. Wavulana walidhani amepewa makombo. Yeye alikaa miaka mitano akisikiliza shaba inavyoanza kulia na inavyonyamaza, na leo wengi wao wanalipa kiingilio ili kumwona.

Shamba bado analo. Tangu wanunuzi binafsi waingie, msimu wa kahawa umekuwa pia msimu wa harusi na uzinduzi wa maduka, na bendi haipumziki. Kwa mapato hayo ameezeka nyumba yake bati na anawasomesha watoto watatu. Kwa hiyo akikuambia kwamba toazi hili ni jembe lake, hatanii.

Muulize krashi ni nini, kisha utafute pa kukaa.

"Yapo matoazi ya kutembeza mdundo, unayagonga wimbo mzima," anaeleza. "Krashi kama hii yangu haipigwi ovyo. Unaiweka pale wimbo unapogeuka, muimbaji anapotaka kuingia. Ikiwa nyembamba inafunguka mara moja, inajaa, inazima. Ikiwa nzito unaibembeleza kwa nguvu ndipo iamke, na ikishaamka hailali. Muimbaji anaimba ndani ya kelele."

Analigonga ukingoni kwa ukucha, kisha kwenye kinundu cha katikati. Ukingoni linapumua kwa sauti pana. Kwenye kinundu linalia kama kengele ya mbuzi. Lake ni la shaba iliyochanganywa na bati, na anasema sauti yake ina giza kidogo, jambo analolipenda.

Ufa haukutokana na mkono mzito. Ulitokana na barabara, na adabu.

Lori linapoteremka ziwani hurukaruka mno, kwa hiyo vijana wa bendi huliacha toazi kwenye stendi yake na kuikaza nati kwa koleo. Wakifika ufukweni, wenyeji hawakubali mgeni ashike kazi kabla hajala. Ugali unaletwa, samaki wanaletwa, wazee wanaamkiwa mmoja mmoja. Mpaka watu wanawe mikono, nati imeshasahaulika bila kulegezwa. Mwezi uliopita ilisahaulika hivyohivyo.

"Toazi linataka kuyumba," anasema Ottilia. "Ukilibana, pigo halina pa kwenda, linaila shaba. Nilijua tangu pigo la kwanza. Lakini bibi harusi alikuwa ameshaanza kuingia. Ningemsimamisha?"

Nazari amemaliza kutoboa. Anakata kwa mkasi wa bati akifuata chaki, kisha Ottilia anampokonya tupa na kulainisha mkato mwenyewe, kwa sababu kona yoyote kali itazaa ufa mwingine. Anapoliinua, ukingo una ghuba ndogo. Analigonga. Sauti imepanda kidogo na imekuwa fupi zaidi.

"Limepungua," anasema Nazari kwa huruma.

"Limechangamka," anamjibu.

Kesho yake toazi linasafiri mapajani mwake, limefungwa kwa khanga. Mansuetus amekaa mbele na dereva, na lake jipya.

Mbamba Bay, baada ya kula, vyombo vinapangwa kwenye ua uliozungushiwa turubai, na Ottilia anaomba jambo moja. "Kaka Mansuetus, nenda kasimame kule mwisho wanakopika. Nitaanza na lako."

Anapiga la Mansuetus, na analipiga kwa haki, bila hila. Linanguruma vizuri tu. Muimbaji Violet anaingia ubeti wa pili, anafika katikati, ananyamaza.

"Dada, sauti yangu siisikii," anasema.

Linapandishwa lile lililomegwa. Wimbo uleule. Kwenye mgeuko Ottilia anaushusha mkono kwa mshazari, na ua wote unajaa. Kabla Violet hajamaliza kuvuta pumzi, toazi limeshanyamaza, na sauti yake inapita juu ya vichwa mpaka kwenye masufuria. Shangazi wa bwana harusi anaweka mwiko chini na kuanza kucheza.

Mansuetus anatoka kule mwisho taratibu. Anaangalia ule ukingo uliomegwa, halafu anaangalia watu.

"Basi, Mama Lidia," anasema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa. "Kiti ni chako."

"Nimesikia," anajibu Ottilia, na kusema kweli furaha imemjaa usoni.

Harusi ilichezwa mpaka turubai likalegea. Siku iliyofuata, tukiwa kwenye lori la kurudi, alimwambia mwandishi wa makala haya jambo ambalo Violet na Nazari walishalijua: msimu ujao ataunda bendi yake mwenyewe. Violet ataimba, Nazari atatunza vyombo. Kilichobaki ni mpiga besi.

"Kaka Mansuetus anapiga besi vizuri," alisema, bila kushusha sauti ingawa mwenyewe alikuwa amekaa mbele yetu. "Aje tumjaribu."