Mkungu wa Shilingi Moja

Kila nikisoma kwamba bei hazijapanda, namkumbuka mama mmoja muuza ndizi wa Ngaramtoni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami ni tarishi mjini Arusha. Siku moja nilifuatana na karani wa serikali hadi soko la Ngaramtoni, akiandika bei za vitu. Orodha yake ikionyesha maisha yamepanda, sisi wafanyakazi tungeongezwa mshahara.

"Shikamoo, mama. Mkungu bei gani?" karani akamuuliza muuza ndizi.

"Marahaba. Shilingi moja."

"Kama mwezi uliopita," karani akasema, akaandika kwamba ndizi hazijapanda.

Mama akamshika taratibu mkono wenye kalamu. "Mwanangu, mwezi uliopita shilingi yako ilipata vichane tisa. Hebu hesabu huu."

Karani akahesabu kwa kidole. Sita. Akarudia kuanzia chini.

"Sasa zimepanda, hazijapanda?"

"Zimepanda, mama." Akafuta, akaandika upya, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka, maana mshahara wake nao uliingoja orodha ileile.

Baadaye tuliongezwa kweli, na wakubwa wakasifu umakini wa ofisi yao. Mimi nilirudi Ngaramtoni, nikanunua mikungu miwili kwa yule mama, wala sikuomba anipunguzie.