Mtamba wa Hundi

Watu wakiniuliza kama makato ya benki ni ya haki, mimi huwauliza kwanza: makato ya nani? Maana makato yangu na ya wifi yangu hayakuwa sawa, na benki ilikuwa ile ile, mlango ule ule, na askari yule yule wa mlangoni, aliyemchekea yeye na kunipekua mimi mkoba.

Wifi yangu ni mke wa mdogo wangu wa kiume. Siku hizo serikali ilikuwa ndiyo kwanza imefungulia watu biashara, na yeye akafunguka nayo. Alikuwa na duka la jumla pale Himo, njia panda: sukari, mafuta ya kupikia, mabati, mali zikitoka na kuingia mpakani. Mimi nilikuwa na cherehani zangu Moshi mjini, nashona sare za shule. Sikuwa maskini, niseme ukweli. Lakini kila Krismasi tukipanda Marangu kwa mama, mimi nilishuka garini na kitenge na mchele, na yeye akashuka na kitu cha kuwatoa majirani migombani waje kuona. Mwaka huu mabati, mwaka ule kochi. Na mama yangu, mama aliyenizaa mimi, akiita "mkwe wangu!" kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitwa nayo. Jamani, roho iliniuma. Iliniuma hata nikiwa kanisani nimeshika kitabu cha nyimbo.

Ng'ombe wa mama alikuwa amekufa, na mama akawa ananunua maziwa kwa jirani. Kwetu hiyo ni aibu, tena bila samadi migomba inakonda. Nikaamua nitampelekea mtamba wa kisasa. Sio wa kumpa moja kwa moja. Wa kuweka kwake. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Unaweka ng'ombe wako kwa mtu, yeye anafuga, anapata maziwa na samadi, ila ng'ombe ana mwenyewe. Ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa mwenyewe. Na mgeni akipita akauliza, "Huyu ng'ombe wa nani?", anatajiwa mwenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Nilitaka mgeni aulize, wifi yangu akiwa amekaa hapo hapo anasikia, na mama ajibu: wa binti yangu.

Mtamba nilimpata kwenye shamba moja upande wa Bomang'ombe, mweusi kwa mweupe, kiwele kinaanza kuonekana. Shule niliyoishonea sare iliahidi kunilipa kabla ya kufunga, ila mhasibu wao akaenda likizo na funguo za sanduku. Mimi ningesubiri Januari? Thubutu! Krismasi ndiyo hiyo, na mtamba anayefika watu wakisharudi mjini amefika kwa nani? Nikaandika hundi nikijua pesa hazitoshi, nikamwachia Mungu.

Hundi ikapita.

Sikuamini. Kwenye benki yetu ya zamani ingerudi mbio na ningekuwa gumzo. Hawa wapya, waliokuja na zulia na viyoyozi, wamelipa wamenyamaza. Nikasema hawa ni watu! Kwetu jirani akikuachia mbegu bila kukuuliza, amekuheshimu. Utamrudishia kahawa ikiuzwa, na hakuna atakayelitaja. Nilidhani benki imenisitiri vile vile. Niliwasifu kwa kila mteja aliyekuja kupimwa sketi.

Krismasi ile nilikuwa malkia. Mtamba alifungwa mbele ya nyumba badala ya zizini, kwa amri yangu. Wifi yangu alikuja na jiko la gesi, na hakuna aliyeliangalia. Mama akawaambia wageni maneno yale yale niliyoyataka, na mimi nikamtazama wifi yangu usoni akiyasikia. Akatabasamu. Hata hilo tabasamu liliniudhi.

Januari shule ikalipa. Nikaenda benki kuchukua pesa za kitambaa, maana msimu wa sare ni huo huo, ukikosa kitambaa wiki zile umekosa mwaka mzima. Karani akanigeuzia karatasi. Loo! Walikata kwa kosa la kuzidisha, yaani kutoa zaidi ya zilizomo, bila ruhusa. Wakakata riba ya kila siku. Wakanitumia barua ya kunijulisha kwamba wamenikata, na barua yenyewe wakaikatia pesa. Pesa za shule ziliingia zikalipa ng'ombe mzima, mpaka kwato, halafu makato yakala zilizobaki na kunirudisha tena chini ya sifuri. Na huko chini nako kuna makato yake.

Nikapanda kwa mama kumwambia huenda mtamba akauzwa. Nililia njia nzima. Mama akasikiliza, akauliza swali moja.

"Umewakosea?"

"Wanasema nimechukua bila ruhusa."

"Basi umewakosea. Wapelekee sale."

Akatoka mpaka kwenye ua akachuma jani la sale, akalifunga fundo. Mtu wa kwetu akikuletea jani hilo, humkatalii msamaha hata kama amekuchomea nyumba. Na mimi, mwanamke wa mjini mwenye cherehani za umeme, nikalifunga kwenye kitambaa nikalitia mkobani. Mnacheka? Nani mwingine angenitetea?

Meneja alikuwa mtu wa Kibosho, mlima wetu huu huu. Nilipoliweka jani juu ya meza yake, akaacha kuandika. Alilitazama, akainamisha kichwa.

"Mama," akasema taratibu, "ungeniletea hili nyumbani, ningekusamehe kabla hujakaa. Hapa mimi sina mamlaka ya kusamehe. Mwenye kusamehe yuko mbali, na halijui jani hili."

"Kama hamkutaka nizidishe, mbona mlilipa? Si mngerudisha hundi?"

"Tulikuokolea jina lako."

"Kumbe! Mmeliokoa halafu mmeniuzia. Tena kwa bei ya kuruka."

Akataka kujibu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Wifi yangu. Simu ya mkononi imekaa kiganjani mwake kama sabuni ya mche, na karani nyuma yake tayari na kikombe cha chai. Meneja akasimama. Mimi sikusimamiwa.

"Shikamoo dada!" Adabu zake hazipungui, ndilo tatizo lake.

"Marahaba," nikaitikia nikiwa nimeuma meno.

Akaona karatasi, akaona jani, akaelewa kabla sijaficha chochote. "Ah, dada, kwa nini hukuniambia? Mimi huzidisha kila mwezi. Napiga tu simu kabla ya kuandika hundi. Si ndiyo, meneja?"

Meneja akakohoa. "Ile ni kwa makubaliano. Riba yake ni ndogo."

Yesu wangu! Yeye anazidisha kuliko mimi, kila mwezi, na anapewa chai. Mimi nimezidisha mara moja kwa ajili ya mama yangu nikaitwa mkosaji. Tofauti yetu ni simu, na mimi hata namba ya kupiga sikuijua. Hiyo ndiyo haki niliyoiona siku ile, na hadi leo hakuna aliyenionyesha nyingine.

"Niache nikulipie hayo makato," akasema.

"Sitaki."

"Dada, ni kidogo tu."

Hicho kidogo chake kilinikata maini. Nikachukua jani langu nikatoka bila kuaga. Kesho yake nikarudi kuomba wanipe muda, karani akaniambia akaunti iko sawa, kuna mama wa Himo ameweka pesa. Nilisimama pale dirishani na watu wakinisukuma nyuma. Halafu nikachukua zile pesa zangu zilizokuwa zimeliwa na makato, nikanunua kitambaa. Ningefanyaje? Msimu ulikuwa umefika.

Mtamba alizaa wakati wa mvua. Jike. Habari niliipata kwa mwanamke wa huko juu aliyeleta ndizi sokoni, na furaha niliyokuwa nayo sina namna ya kuieleza. Nikaanza kufikiri nimweke wapi ndama wangu. Mwanamke akaendelea kupanga mikungu yake, akasema, "Ni mzuri sana. Walimpakia juzi kwenye pikapu, akapelekwa Himo."

Siku ile ile nilikuwa Marangu. Mama alikuwa anakamua, ndoo katikati ya miguu.

"Mama, ndama wangu yuko wapi?"

"Nimempelekea mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

Hakuacha kukamua. "Deni la benki alilipa nani? Mdogo wako alinieleza."

"Alilipa makato, mama! Makato tu! Ng'ombe nilimlipa mimi, kwa jasho langu, mzima, mpaka mkia!"

Akanitazama kwa huruma kama vile nina homa. "Mwanangu, makato ya nini? Si ya ng'ombe huyu? Ulikuja hapa unalia anauzwa. Hakuuzwa. Aliyemzuia asiuzwe ndiye mwenye ng'ombe."

Nikaanza kumweleza: hundi, riba, barua iliyokatiwa pesa, ruhusa na kukosa ruhusa. Nikajisikia nazungumza kama meneja. Mama akaitikia ehe, ehe, akachuja maziwa, akanijazia chupa ya kwenda nayo mjini. Hakuwa na hasira hata chembe. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanifunga vizuri khanga begani kama alivyonifanyia nilipokuwa msichana.

"Gari si litasimama Himo?" akauliza.

"Litasimama."

"Basi shuka kidogo umshukuru wifi yako kwa maziwa."